Mkate wa Mama wa Kuhani

Yerusalemu, mwanzoni mwa mwezi wa sita, Eluli

Kwa Ikeshi wa Tekoa, uliyekimbilia Hebroni,

Amani iwe kwako na kwa Walawi wanaokuhifadhi. Hatujuani kwa sura, lakini mikono yangu unaijua. Ndiyo inayokanda mkate unaofika huko kila mwezi uandamapo, na ndiyo iliyofuma joho la sufu ulilopewa majira ya baridi yaliyopita. Mimi ni Zibia, mama yake Yozabadi, Kuhani Mkuu.

Ninakuandikia kwa sababu ya mtumishi wangu Hushai, anayeleta mizigo kwa punda. Jana alirudi, nikamuuliza kama ninavyomuuliza siku zote, "Wamekula?" Akasema, "Wamekula, bibi, na wamekushukuru." Nikamwangalia. Hushai hajui kudanganya, masikio yake humsaliti. Nikamwambia, "Sema yote." Akasema, "Yule fundi wa mapaa wa Tekoa hali. Anaupokea mkate kwa mikono miwili, anashukuru vizuri sana, halafu anauficha na kwenda nao nje ya mji. Joho lenyewe sijamwona nalo hata siku moja."

Sitazunguka mbuyu ambao kwetu haupo. Wewe unajua, na mimi najua, kwa nini mama wa Kuhani Mkuu huwaokea mkate watu asiowajua. Aliyeua bila kukusudia hukaa katika mji wa makimbilio mpaka Kuhani Mkuu afe. Siku hiyo lango linafunguka na kila mtu anakwenda kwao. Kwa hiyo mko huko, watu wazima wenye wake na mashamba, na kati yenu na nyumbani kuna pumzi ya mwanangu tu. Mama mkwe wangu aliwaokea waliowatangulia, nami nikaurithi moto wake. Tunawalisha ili msimwombee kifo. Mkwe wangu Noga, mke wa Yozabadi, hunicheka. "Mama," husema, "unawahonga wauaji." Acha acheke. Mwanawe bado hajavikwa kilemba cha Kuhani Mkuu.

Aliyekula mkate wa mtu huona haya kumtakia mabaya mwanawe. Lakini asiyekula je? Niambie nimekukosea nini, Ikeshi. Kama ni chumvi, nitaipunguza.

Zibia

*

Hebroni, katikati ya Eluli

Mama Zibia,

Nakuamkia kwa heshima. Usishangae mwandiko huu unaoyumba. Nimejifunza kuandika hapa, nikiwa na mvi tayari. Mtu akifungiwa mjini pamoja na Walawi atajifunza kuimba au kuandika, na sauti yangu waliisikia mara moja tu wakanipa kalamu.

Barua yako ilinitia baridi. Nimeua mtu mmoja maishani mwangu na Yuda nzima inanijua kwa huyo. Kumbe hata mama wa Kuhani Mkuu anahesabu matonge yangu.

Mkate wako hauna kasoro. Chumvi iache ilivyo.

Wewe umesema wazi, na mimi nitasema wazi. Nilikuwa juu ya paa la jirani baada ya mvua, nashindilia udongo kwa lile gogo la jiwe. Nilikuwa nalishusha kuelekea ukingoni, kamba ikanitoka mkononi. Chini alikuwa anapita Gera, rafiki yangu, anamfukuza mbuzi. Wazee waliponihoji hawakuuliza kama nilimpenda Gera. Waliuliza jambo moja: jiwe lilikuwa linapanda au linashuka? Kama ningekuwa nalivuta kwenda juu, ningelala kwangu jioni ile. Lilikuwa linashuka, na kwa sheria yetu anayeua kwa kitu kinachoshuka ndiye anayekimbia. Basi nikakimbia, ndugu yake Gera nyuma yangu na kisu.

Unauliza kama namwombea mwanao kifo. Nitakujibu kama nilivyowajibu wazee. Sijamwombea kifo. Lakini uhai pia sijamwombea. Nikifika hapo katika sala zangu huwa ninanyamaza na kupita kando. Nina mama Tekoa, macho yake yamekwisha. Yeye hawezi safari ya kuja huku, mimi siwezi ya kwenda. Kila mavuno dada yangu hunitumia neno kwamba bado yupo, na kwamba anauliza kama nimekula. Kwa hiyo nikiomba mwanao aishi sana, unaona mwenyewe naomba nini.

Ninakoupeleka mkate, niachie hilo. Si kwa ubaya.

Jambo moja nikuonye. Mwezi huu mkate umekuja na asali ya tende. Wenzangu walipouonja walitazamana. Mzee Shaafu, aliyekaa hapa kuliko sote, akasema, "Mama akizidisha utamu, ujue mtoto amezidiwa." Wakacheka kwa sauti. Nami nilicheka, halafu nikaogopa kicheko changu.

Ikeshi

*

Yerusalemu, mwishoni mwa Eluli

Ikeshi,

Mwambie huyo mzee Shaafu ale na kufunga mdomo. Asali nilitia kwa sababu tende zilikuwa nyingi mwaka huu. Mwanangu ni mzima. Anapanda ngazi za madhabahu kama kijana. Kama umesikia habari za tumbo, hizo ni habari za makuhani wote. Wanasimama miguu mitupu juu ya mawe baridi tangu alfajiri, wanakula nyama ya sadaka kila siku na kushushia maji. Nani asiyeumwa tumbo pale? Ndiyo maana kuna tabibu maalumu wa matumbo. Kazi yake ni kupita kwa kila mtu, si kwa mwanangu peke yake.

Hukuniuliza habari za tumbo. Nimejisomea hapa nikaona nimejibu nisichoulizwa, lakini ngozi ya kuandikia ni ghali, siwezi kuanza upya.

Ungesema unamchukia ningelala. Mtu anayechukia huonekana na kuepukwa. Wewe unanyamaza, unabeba mkate wa mikono yangu kwenda nao nje ya mji, unaniambia si kwa ubaya. Noga mwenyewe, aliyekuwa anacheka, jana aliniuliza, "Huyo mtu anauzika mkate ardhini?" Nimewahi kusikia habari za watu wanaozika chakula cha mtu pamoja na jina lake ili aoze nacho. Tangu aliposema hivyo, kila nikitia mkono kwenye unga natetemeka. Siku ya Upatanisho imekaribia. Siku hiyo mwanangu ataingia nyuma ya pazia la Patakatifu pa Patakatifu, mahali ambapo hata malaika hawezi kumshika mkono. Mtu asiingie pale akiwa na laana mgongoni.

Ninakusihi, si kama mama wa Kuhani Mkuu. Kama mwanamke mzee asiyelala. Unaupeleka wapi?

Zibia

*

Hebroni, mwanzo wa mwezi wa saba

Mama,

Nimeona haya. Sikujua kukaa kimya kwangu kunakuumiza hivyo. Sikukuambia kwa sababu wenzangu wakijua watanicheka mpaka nizeeke.

Mkate wako anaula Tola. Ni ndugu yake Gera, yule mwenye kisu, mlipiza kisasi cha damu.

Kuna jiwe la mpaka nje ya mji. Nikilivuka, ana haki ya kuniua na hakuna atakayemuuliza. Aliliacha shamba lake Tekoa akaja kukaa pale, katika kibanda cha mlinzi wa mizabibu, anasubiri nikosee hatua. Mwanzoni nilikuwa nikimwona kwa mbali nageuka kurudi mjini. Wakati wa mavuno alipata kibarua cha zabibu. Mavuno yalipokwisha alibaki na dengu za kukaanga, kisha dengu zikaisha. Siku moja ya mvua nikamwona anatafuna majani ya mzabibu. Nikamkumbuka akiwa mdogo, nilivyomtengenezea kombeo. Nikaweka mkate wako juu ya jiwe, nikarudi nyuma upesi, nikasema, "Chukua, Tola." Akasema, "Sitaki chako." Nikamwambia, "Si changu, ni cha mama wa Kuhani Mkuu." Akasema, "Basi chake nitakula." Joho pia ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo, Mama, mimi na wewe tuna kazi moja. Kila mmoja anamlisha anayengoja kifo. Najua kwa nini mkono wako unatetemeka kwenye unga. Wangu hutetemeka kwenye jiwe.

Sasa sikiliza, kwa maana sitaki usikie kwa mwingine. Mlawi mmoja ametoka zamu huko kwenu. Amesema tabibu wa matumbo anapanda kwa mwanao asubuhi na jioni. Hapa habari imeenea kama moshi. Watu wanashona viatu vya safari ya kurudi kwao. Mzee Shaafu ametengeneza kamba za mzigo wake. Wanakula mkate wako na huku wanashona viatu. Nimeogopa sana kuona jambo hilo, na nimeogopa zaidi nilipojikuta nami natazama viatu vyangu.

Wazee wetu husema kifo cha Kuhani Mkuu kinatufungulia kwa kuwa ilikuwa kazi yake kuiombea nchi yake isipatwe na mabaya kama yetu, na hakuomba vya kutosha. Sijui kama ni kweli. Lakini nakuomba umuulize mwanao: miaka yote hii akiwa nyuma ya pazia, amewahi kututaja? Mkate tunashukuru. Lakini pale anapoingia yeye hakuna mwingine anayeingia, na sisi hatuna mdomo mwingine.

Ikeshi

*

Yerusalemu, siku ya tatu ya mwezi wa saba

Ikeshi mwanangu,

Nililia kwa habari ya Tola, kisha nikacheka, kisha nikalia. Noga alidhani nimepata homa.

Nimekudanganya. Mwanangu anaumwa. Anatapika kila anachokula, na nguo za kitani alizoshonewa kwa Siku ya Upatanisho zinamning'inia kama zimeanikwa ukutani. Wanaojua kwa hakika ni mimi, Noga na tabibu, na sasa wewe. Wangejua watu wasingelala nchi nzima, kwa kuwa yeye akikosea siku hiyo, tumekosea wote.

Leo wamemtoa nyumbani. Kila mwaka humchukua siku saba kabla, wakamweka katika chumba cha Hekaluni, mbali na mkewe, mbali na kila kitu kinachoweza kumtia unajisi. Kutwa nzima hufanya mazoezi: anafukiza uvumba, anatengeneza taa, anasomewa sheria na wazee kama mtoto wa chuo. Mwishoni wanamwapisha kwamba hatabadilisha hata jambo moja, kisha wanatoka wakilia, na yeye analia. Na wamemtayarisha kuhani mwingine, anakaa chumba cha pili, ili wangu akipatwa na neno yeye ashike nafasi kwa siku hiyo. Kijana mwenye adabu. Alinisalimia vizuri. Sikuweza kumwitikia.

Nilimpata mwanangu mlangoni, kabla hawajamchukua. Nikamwambia uliyoniambia. Akasema, "Mama, sala ya mle ndani ni fupi. Nikichelewa, watu huku nje wanadhani nimekufa."

Nikamwambia, "Wapo wanaongoja kusikia hivyo. Hao ndio ninaokuambia."

Noga akaingilia, "Mama, usimchanganye, ana mengi ya kukumbuka." Wazee walikuwa wanangoja. Akaenda bila kunijibu.

Sasa najuta na siwezi kumfikia. Wana wa Haruni waliingia na moto ambao hawakuagizwa, wakatolewa wamebebwa maiti. Na mimi nimempa mgonjwa neno ambalo hakuagizwa. Je, akilisema? Je, akiwa analitafuta tumbo likamkamata, akaanguka? Mle ndani hakuna anayeruhusiwa kumfuata. Tafadhali usinijibu mpaka siku ipite. Siwezi kusoma kitu sasa.

Zibia

*

Yerusalemu, siku iliyofuata Siku ya Upatanisho

Ikeshi,

Yu hai. Naanza na hilo kwa kuwa najua huko habari hufika zimepinda. Waambie waweke viatu.

Siku nyingine zote mimi humsikiliza. Pindo la vazi lake la buluu lina njuga za dhahabu. Akienda zinalia, akirudi zinalia, nami nikisimama uani pamoja na wanawake najua mwanangu anapumua. Lakini siku ile anavua dhahabu yote. Anaingia na kitani kitupu, miguu mitupu, hana njuga hata moja. Kila mwaka nimekufa kidogo kwa ukimya ule. Mwaka huu nusura niende kabisa.

Aliingia na chetezo. Watu walikuwa bado wananong'ona, kisha wakanyamaza. Ukimya ukakaa, ukaendelea kukaa. Mwanamke mmoja karibu yangu, hakujua mimi ni nani, akasema, "Mwaka jana saa hii alishatoka."

Mwingine akamwambia, "Nyamaza wewe, usituletee mkosi."

"Mkosi gani? Si nasema ninachoona?"

Waliokuwa mbele wakapitisha neno nyuma kwamba yule kijana mwenye adabu amepiga hatua moja kuelekea mlangoni, akasita. Noga akanishika mkono, kucha zake zikaingia ndani ya nyama, yeye anayenicheka siku zote. Mtu akaanza kulia upande wa wanaume. Nilijiambia, nimemuua. Nimemuua kwa ulimi wangu, kwa ajili ya fundi wa mapaa. Ndipo nikakuelewa, Ikeshi. Jiwe lilikuwa linashuka na kamba ilikuwa mkononi mwangu, haishikiki.

Akatoka. Alishika nguzo kidogo, halafu akaendelea na kazi yake mpaka mwisho, hakuruka kitu. Jioni alifanya karamu kama ilivyo desturi kwa Kuhani Mkuu aliyetoka salama. Wageni wakala. Yeye alikaa anageuza kipande cha mkate mkononi. Nikainama nikamuuliza kilichomchelewesha.

Akasema, "Nilimaliza sala, nikageuka nitoke. Nikakumbuka watu wa mkate wako. Nikataka kuwataja, nikaona sijui jina hata moja, Mama. Miaka yote hii. Nikasimama natafuta, moshi unanijaa machoni. Nikapata moja tu, lile unalolilalamikia kila siku."

Basi ulitajwa, wewe peke yako, pale ambapo hakuna anayetajwa. Wazee wamemkaripia kwa kuwatia watu hofu. Amekubali makosa. Nami najua ni makosa yangu, lakini usiku huu nitalala.

Zibia

*

Hebroni, katikati ya mwezi wa saba

Mama,

Ashukuriwe Bwana kwa mwanao. Tumejenga vibanda vya sikukuu hapa, na wenzangu wameviweka viatu, ila mzee Shaafu analalia vyake.

Nimesoma mahali pale pa jina langu mara nyingi mno. Nilipokuwa mtu huru hakuna aliyelitaja jina langu hata kwenye harusi.

Siku ile sisi pia tulifunga. Jua lilipokuwa kali nilipanda juu ya paa, peke yangu, nikatazama upande wenu. Nilifanya jambo moja ambalo sitakuambia sasa. Nililifanya kwa hofu na bado ninaliogopa.

Dada yangu ametuma neno. Mama anakohoa. Bado anauliza kama nimekula.

Tola amekusalimu. Mkate wa safari hii ameusifia. Amesema, "Huyu mama amelala usingizi, unga umeumuka."

Ikeshi

*

Tekoa, mwezi wa kumi, Tebethi

Mama Zibia,

Pole. Najua neno hilo likitoka kwangu lina mwiba, lakini sina lingine, na nimelibeba njia nzima.

Habari za mwanao zilifika Hebroni pamoja na mvua. Mzee Shaafu alipiga magoti kwenye tope akaweka uso chini, sikujua kama anashukuru au anakulilia. Wengine walikimbia hata viatu walivyovishona hawakuvaa. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya Mlawi.

Baadaye nilikwenda mpaka kwenye jiwe la mpaka. Tola alikuwa amesimama upande wake, naye ameshasikia. Sheria imekwisha, hana haki tena, lakini sheria haikuwa imesimama pale nasi. Sikuona kisu, na kutokukiona kulinitisha kuliko kukiona. Nikainua mguu nikauweka upande wa pili. Nilikuwa nalia kama mtoto. Akalivua joho lako, akanitupia. Akasema, "Vaa, utaugua. Twende, kabla giza halijatukuta." Tukatembea mpaka Tekoa. Kwenye mteremko alinishika mkono nisiteleze, akauachia upesi.

Hushai alipitia hapa na punda. Ameniambia tangu mazishi hujatia kitu mdomoni. Desturi ni kwamba mfiwa asile chake, ale kinacholetwa na jirani, nawe unawarudisha majirani wote na sahani zao. Mimi si jirani. Hata hivyo nakutumia mkate kwa mkono wa Tola, anayekuja huko kuuza mbuzi. Umetoka katika tanuri la mama yangu. Siji mwenyewe. Nina furaha, Mama, iko usoni kwangu hata nikilala, sina pa kuificha, na sitaki uione.

Sasa nikuambie lile la juu ya paa. Siku ya Upatanisho, nilipofika pale katika sala ninapopita kando, sikupita. Nilimwomba Bwana mwanao atoke akiwa hai. Sikujua kama yeye ananitaja. Nilikufikiria wewe umesimama uani bila kusikia njuga. Nilijua ninaomba nini, nilijua ni cha nani ninachokitoa. Niliomba mara moja tu. Baada ya hapo nilirudi kunyamaza, sikuweza zaidi. Kama ningeweza, pengine angekuwa hai. Nisamehe kwa hilo.

Ikeshi

*

Yerusalemu, mwezi huo huo

Ikeshi mwanangu,

Tola amefika. Alisimama mlangoni analowa maji, mkate ameufunga ndani ya nguo yake, ananiogopa. Nilimwambia aingie, akasema miguu yake ni michafu. Nikamuuliza, "Mama yake Ikeshi hajambo?" Akatazama hiyo miguu. Nikamwambia, "Wewe na Hushai wangu ni mmoja. Sema yote."

Akasema, "Alikufa mwezi uliopita, mama. Ikeshi amekuta kaburi. Tanuri amewasha mwenyewe."

Umeniandikia "tanuri la mama yangu" ukaniachia nidhani. Tumekuwa hodari wa kufichana, mimi na wewe.

Mwanangu alitoka nyuma ya pazia siku ile, akarudi nyumbani. Nilimpata mpaka Tebethi. Nilimlisha uji wa shayiri kwa mkono wangu, akanikumbusha vituko vya utoto wake ambavyo nilikuwa nimevisahau, akacheka na mkewe. Alikufa kitandani, nimemshika kichwa. Angeanguka mle ndani siku ile, wangemvuta kama gunia, na wewe ungemkuta mama yako anakohoa, anakuuliza kama umekula. Sijui Bwana hupima sala kwa mizani gani. Mimi si kuhani. Lakini siku zile nilizokaa na wangu ndizo ulizomkosa wako, na mkono uliozigawa hivyo ni wako, ulijua. Sina neno la shukrani lililo kubwa kiasi hicho. Wala usiniombe msamaha tena.

Mkate wako niliuweka mezani nikauogopa, kama nilivyotaka wewe usiuogope wangu. Kisha nikaumega. Kipande nimempa Tola kwa kuwa alikuwa anatetemeka kwa baridi, kipande nimekula. Chumvi imezidi. Nimekula wote.

Asubuhi ya leo mjukuu wangu, mwana wa Noga, amevikwa vazi la Kuhani Mkuu. Njuga zinasikika mpaka huku kwetu. Noga alisimama dirishani na nguo zake za ujane, anazisikiliza, na kila zikinyamaza kidogo anageuka kunitazama. Mchana mtu mmoja kutoka upande wa Beersheba alipita na habari: shoka limechomoka kwenye mpini, limempiga mkata kuni akafa, na aliyekuwa amelishika anakimbilia Hebroni.

Noga alifunga nywele, akaingia jikoni akakaa mahali pangu, akatia mkono kwenye chombo cha unga. Nikasikia ananiita. "Mama," akasema, "njoo unionyeshe. Maji unatia kiasi gani?"

Ngoja niinuke, anazidisha.

Zibia